Dkt. Ludwig Krapf: Mtumishi Aliyemngojea Bwana Akiwa Kazini



Majilio yanakuja, na masomo ya kanisani yatatukumbusha tena kwamba Bwana wetu, aliyekuja kwanza kwa unyenyekevu, atakuja mara ya pili kwa utukufu. Jambo hili si geni kwetu. Kila Jumapili tunasimama na kulikiri katika Imani, kwamba atarudi kuwahukumu watu wote, walio hai na waliokufa. Lakini tukishatoka kanisani ni wachache kati yetu wanaolizungumza. Wengine wanaliogopa. Wengine wanaliona haya, maana wamewasikia wahubiri waliotaja tarehe, na tarehe ikapita, na watu wakacheka.

Hatuwalaumu. Sisi wa Ngara hatujasahau mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakiwa na watoto mgongoni na vitanda vya majani kichwani. Siku zile wengi waliuliza kama huu ndio mwisho wenyewe. Tena tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada baada ya kufundishwa na viongozi wao kwamba dunia inakwisha. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, jimbo la Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Wengi wao walikuwa watoto.

Basi, je, tunyamaze? Tuyafunge maneno ya Bwana juu ya kurudi kwake kwa sababu wako waliyoyatumia vibaya? Kabla ya kujibu tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyeishi katika jimbo hilo hilo la Kilifi, mahali paitwapo Rabai, zaidi ya miaka 170 iliyopita. Yeye naye aliamini kwamba siku ya Bwana i karibu. Lakini imani hiyo ilimfanya afanye mambo mengine kabisa.

Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf. Sisi tuliofundisha shule tulilitaja jina lake mara nyingi ubaoni. Tuliwaambia watoto kwamba Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849, nao watoto waliandika hivyo katika mtihani na kupata alama zao. Leo tunaona kwamba tulisimulia nusu ya habari. Tulieleza alichokiona, tusieleze kilichomleta.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, hata akaugua kwa muda wa miezi sita. Mtoto huyo akilala kitandani alisoma Biblia, akaanza kuyafikiri mambo ya uzima wa milele. Alipopona alipelekwa shule mjini Tübingen. Huko baba yake alimnunulia kitabu cha ramani, naye akashangaa kuona kwamba upande wa Afrika Mashariki majina ni machache mno na mahali pengi pameachwa patupu. Baadaye mwalimu mkuu aliwasomea wanafunzi habari za misheni, na kijana akajiuliza kwa nini asiende yeye.

Ni lazima tueleze hali ya nchi yake, maana inahusu sana habari yetu. Katika jimbo la Württemberg Wakristo wengi walisoma kwa bidii Danieli na Ufunuo. Mwalimu wao mkubwa, Johann Albrecht Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alikuwa msomaji hodari wa Agano Jipya la Kigiriki. Lakini alipiga hesabu ya miaka ya Ufunuo, akafikia kwamba mambo makuu ya mwisho yatatukia mwaka 1836. Mafundisho haya yalienea. Jamaa nyingi ziliuza mashamba na kuhamia Urusi kutafuta mahali pa kukimbilia. Wengine walipewa ruhusa na mfalme kuanzisha kijiji chao cha Kornthal mwaka 1819, wakaishi humo kwa sala wakimtazamia Bwana. Krapf alikulia katika hewa hiyo.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha misheni cha Basel, Uswisi. Hakudumu. Alivutwa na vitabu vilivyomfanya aone kwamba kukaa kimya na kutafakari ni bora kuliko kwenda kuhubiri, akaacha chuo, akasomea uchungaji Tübingen. Alipokuwa mchungaji msaidizi katika kijiji cha Wolfenhausen, alitoa mahubiri akieleza kwamba dunia imefikia saa zake za mwisho. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa, wakamtishia kumhoji. Krapf akajiuzulu, akaenda kufundisha watoto wa nyumba moja ili apate riziki.

Wapendwa, hapo angeweza kupotea. Kijana mwenye elimu, ametengwa na wakubwa wake kwa ajili ya neno la mwisho wa dunia: watu wa namna hii ndio mara nyingi wanaokusanya kundi lao wenyewe na kuanza kutaja tarehe. Bwana alimwokoa kwa njia ya rafiki. Alikutana na Peter Fjellstedt, mmisionari kutoka Sweden aliyekuwa mtumishi wa chama cha CMS, na mazungumzo yao yakaamsha tena wito wa zamani. Mwaka 1836, mwaka ule ule ambao wengi waliungojea kwa hesabu za Bengel, Krapf alikuwa akifanya mipango ya safari. Mwaka ukapita, mbingu hazikufunuka, waliopiga hesabu wakabaki na aibu. Februari 1837 yeye alikuwa njiani kwenda Afrika.

Hapa lipo fundisho la kwanza. Mitume nao, siku ya kupaa kwa Bwana, waliuliza habari za nyakati. Hawakupewa tarehe. Walipewa kazi, wawe mashahidi kuanzia Yerusalemu hata mwisho wa nchi. Someni Matendo 1 mtaona. Krapf hakuacha kuamini kwamba Bwana yu karibu. Aliacha kukaa bure.

Alianza Ethiopia. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akahamia ufalme wa Shoa, akakaa huko hadi mwaka 1842. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, lakini walipotaka kurudi Shoa njia zilifungwa. Walizunguka pwani ya Bahari ya Shamu bila kupata mlango, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani nyikani, akafa papo hapo. Krapf aliwatamani sana Waoromo wa Ethiopia. Alipoona kaskazini pamefungwa, alikusudia kuwafikia kwa kupitia pwani ya kusini. Hivyo ndivyo alivyofika Zanzibar Januari 1844. Sultani Sayyid Said, ingawa alikuwa Mwislamu, alimpokea vizuri, akampa barua kwa maliwali wake ikimtaja kuwa mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu.

Krapf na mkewe wakakaa Mombasa. Mwezi wa Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani. Yeye aliugua, na Rosine, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu, akaugua zaidi. Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Kabla ya kufa aliomba asizikwe kisiwani, azikwe bara kando ya njia, ili wenyeji wapitao wakiliona kaburi wakumbuke kwa nini watumishi wa Kristo wamekuja katika nchi hiyo. Siku mbili tatu baadaye mtoto akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa dhaifu sana.

Baada ya hayo aliandika barua kwa CMS huko London. Mtu mwingine angeomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Krapf aliwaeleza kwamba sasa lipo kaburi la mtu wa misheni katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni alama kuwa vita na giza la nchi hizi vimeanza. Kwa kuwa ushindi wa Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake, alisema, wajue kwamba saa imekaribia ya kuiita Afrika kutoka upande wake wa mashariki.

Tujiulize, alipata wapi moyo wa kuandika hivyo? Mwaka ule hakuwa na Mkristo hata mmoja wa kumwonyesha. Alikuwa na makaburi mawili na sura chache za Mwanzo. Jibu ni kwamba alitazama jambo kutoka mwisho wake. Katika Ufunuo 7 Yohana alionyeshwa mkutano wa watu wasiohesabika, wa kila kabila na lugha, wamesimama mbele ya kiti cha enzi. Mtu akiamini hilo, anajua kwamba watu wa pwani ile hawatakosekana katika mkutano huo, hata kama leo hakuna anayesikiliza. Katika Mathayo 24 Bwana alifundisha kwamba Habari Njema itahubiriwa kwanza kwa mataifa yote, ndipo mwisho ufike. Kwa Krapf maneno hayo hayakuwa fumbo la kupigia hesabu. Yalikuwa amri ya kazi, tena ahadi kwamba kazi itafika mwisho wake.

Juni 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Tarehe 25 Agosti mwaka huo walihamia Rabai, katika milima iliyo nyuma ya Mombasa. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, punda alikuwa mmoja, nao wakapokezana kumpanda. Krapf aliona kwamba pengine haijapata kutokea misheni iliyoanzwa na watu dhaifu namna ile. Wenyeji wa Rabai, ambao siku zile waliitwa Wanyika na leo tunawaita Mijikenda, waliwapokea kwa adabu lakini hawakuona haja ya dini mpya. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa mlemavu aitwaye Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Huyo ndiye limbuko la Kanisa letu katika pwani hiyo. Mbele ya wanadamu ni kidogo mno, lakini Bwana hutumia chachu na punje ya haradali.

Krapf alisafiri. Mwaka 1848 alifika Usambara kwa mfalme Kimweri, na tarehe 3 Desemba 1849 aliuona mlima Kenya akiwa Ukambani. Mwaka 1851 alirudi Ukambani akafuatana na mkuu wa Wakamba aitwaye Kivoi kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi waliwashambulia, Kivoi akauawa, Krapf akakimbilia porini peke yake. Alitembea usiku na kujificha mchana, amechukua maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mtutu wa bunduki, hata alipofika kwa watu akiwa karibu kufa kwa njaa na kiu.

Hatutaki kumfanya kuwa malaika. Krapf alikuwa mwenye haraka, na mipango yake ilizidi nguvu zake. Aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kupita katikati ya Afrika hadi pwani ya magharibi, wakati kituo kimoja cha Rabai kilikuwa na shida ya kusimama. Rebmann hakukubaliana naye, kwa maana aliona heri kukaa mahali pamoja na kulima shamba hilo hilo kwa uvumilivu. Rebmann alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao, mpaka akawa kipofu. Aliondoka mwaka 1875 akiacha kikundi kidogo tu cha waamini. Sisi tunaona kwamba Bwana aliwahitaji wote wawili, mmoja wa kutazama mbali, mwingine wa kubaki.

Afya ya Krapf ilivunjika, akarudi Ulaya mwaka 1853. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao huko Ribe, na mwaka 1867 alikwenda Ethiopia kuwa mkalimani, akaugua, akarudi. Miaka mingine yote alikaa Kornthal, kile kijiji cha watu wanaomngojea Bwana, naye alikuwa mezani akiandika. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1850. Sasa alishughulika na kamusi kubwa ya Kiswahili. Tufikiri jambo hili. Mtu anayeamini kwamba Bwana aweza kuja kesho, kwa nini ajisumbue miaka mingi na maana ya neno moja moja, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho? Kwa sababu mtumwa mwaminifu wa Mathayo 24 hakukutwa na bwana wake dirishani akichungulia njia. Alikutwa jikoni, akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake.

Katika kitabu chake cha safari Krapf aliandika pia kwamba Afrika itahitaji askofu mweusi na makasisi weusi. Siku hizo wengi Ulaya hawakuwaza jambo kama hilo. Yeye hakuliona kwa macho yake katika Afrika Mashariki. Lakini mwaka 1877 wamisionari wa CMS walifika Uganda, na habari hizo alizisikia. Karibu na lile kaburi la Rosine kilikuwa kimejengwa kijiji cha Freretown, makao ya watu waliookolewa katika utumwa.

Siku ya mwisho ya maisha yake ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Novemba 1881. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku hiyo alizungumza na rafiki yake Flad, aliyewahi kuwa mmisionari huko Ethiopia, wakizungumza habari za kurudi kwa Bwana. Krapf alimweleza kwamba moyo wake umejaa hakika isiyo kifani ya kuwa Bwana yu karibu, na kwamba imewapasa wautumie vema wakati na kuwa tayari. Jambo lile lile alilolihubiri ujanani hata akaitoa kazi yake, sasa mzee wa miaka 71 alilisema kwa utulivu. Usiku akaingia chumbani kulala. Walipokuja kumwangalia walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake katika hali ya sala.

Miezi minne tu baada ya hapo, tarehe 18 Machi 1882, Waganda wa kwanza wa misheni ya CMS walibatizwa nchini mwao. Mwaka huo huo kamusi yake ilichapwa London. Mwaka 1885 William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokuwa wameokolewa katika utumwa, walipewa ushemasi na Askofu Hannington. Mwaka 1927 dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa, na mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kwa ajili ya dayosisi hiyo, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika. Mwaka 1985 ikazaliwa dayosisi yetu ya Kagera. Ule mlolongo ambao Krapf aliuota ulifika hata kwetu, ingawa haukupita njia aliyoichora.

Turudi sasa kwenye swali letu. Rabai na Shakahola ziko katika jimbo moja. Katika mahali pote pawili watu waliambiwa kwamba Bwana yu karibu. Tofauti iko wapi? Watu wa Shakahola walitolewa miongoni mwa jirani zao, watoto wakatolewa shuleni, wagonjwa wakanyimwa dawa, na mwisho wakafungiwa msituni. Krapf alitoka kwake akaenda kwa watu. Alijifunza lugha yao, akawaandikia vitabu, akawazika wapendwa wake katika udongo wao, akawaombea hata pumzi ya mwisho. Tukipima kwa mizani hii hatutapotea. Mafundisho ya siku za mwisho yanayotufungia mlango jirani si ya Bwana. Yale yanayotutuma kwa jirani ndiyo yake.

Kwa hiyo tusinyamaze. Hapa Nyamiaga kuna jirani aliyefiwa, hajui kwamba wafu watafufuliwa. Kuna kijana anayesikia katika simu yake mhubiri wa tarehe, na hakuna mzee wa kanisa aliyekaa naye kumfungulia Mathayo 24 na kumwonyesha kwamba siku ile haijulikani na mtu yeyote. Kuna mama ambaye ameomba miaka mingi kwa ajili ya mumewe, anaona kama hakuna kitu. Tumwendee huyo, tumsimulie habari za Mringe. Majilio haya, kila mmoja wetu achague nyumba moja ya kwenda. Tusiende kuwatisha watu. Twende kuwaambia kwamba Mfalme anakuja, naye ni yule yule aliyekufa kwa ajili yao.

Naye atakapokuja, na atukute kazini, au atukute magotini. Amina.